Sauti Ilivyopanda Usambara

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto ina urefu wa kilomita 33 hivi, na karibu yote ni kona. Chini ni tambarare, joto na mashamba ya mkonge. Juu, kwenye mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, ni baridi, ukungu, kabichi na mikalitusi. Abiria anayesikiliza redio ndani ya gari hukutana na jambo ambalo watu wa Usambara wamelizoea tangu zamani: kona moja inaimeza stesheni, kona inayofuata inairudisha, na ya tatu inaleta stesheni nyingine kabisa.

Siku hizi kijana mwenye simu ya kisasa anaweza kukaa chumbani kwake Magamba au Mlalo, akazungumza nusu saa juu ya betri mpya ya sola, simu aliyoinunua juzi ikaanza kumsumbua, bei ya kabichi wiki hii na mvua iliyokata barabara, kisha akayaweka mazungumzo hayo mtandaoni yakasikilizwa Maskati na Minneapolis. Hiyo ndiyo podikasti ya mtu binafsi. Mara nyingi huelezwa kama kitu kilichoshuka jana kutoka Marekani. Kwa Usambara naiona kama hatua ya karibuni ya safari iliyoanza zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kila chombo cha kusemea kilipanda mlima huu kikiwa kimebeba sauti ya watu wa mbali, na kila mara Washambaa na majirani zao walikisikiliza kwanza, wakakizoea, kisha wakakitia sauti zao wenyewe.

Kabla ya vyombo hivyo, habari zilikwenda kwa miguu. Mwaka 1848 mmisionari Johann Ludwig Krapf alitoka Rabai, karibu na Mombasa, akapanda hadi Vuga kuonana na Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa ukoo wa Wakilindi ambaye amri yake ilishuka kutoka milimani hadi karibu na bahari. Alirudi tena mwaka 1852. Ufalme wa namna ile, uliotawanyika juu ya vilele na mabonde, uliendeshwa na wajumbe waliojua njia za mkato na kukariri maneno bila kuyapunguza. Na kwa watu wa kawaida kulikuwa na magulio. Kila gulio lilikuwa na siku yake, na mwanamke aliyepeleka ndizi au maharage gulioni alirudi na habari za mabonde manne. Utaratibu huo haujafa.

Maneno ya Usambara yalipoingia kwenye mashine kwa mara ya kwanza, mashine yenyewe ilikuwa ya kuchapia. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, mtu wa pwani aliyeishi miaka mingi na Wakilindi na baadaye akawa liwali wa Tanga, aliandika aliyoyasikia na aliyoyaona, kuanzia Mbegha mwindaji aliyeanzisha ukoo ule hadi vita vya watoto na wajukuu wa Kimweri. Misheni ya Waanglikana ya Magila, kwenye vilima vilivyo chini ya Usambara ya Mashariki, ilikichapa kitabu chake, Habari za Wakilindi, kwa sehemu kati ya 1895 na 1907. Anayekisoma leo atasikia watu wakisema. Kimejaa mazungumzo: huyu kauliza, yule kajibu, mjumbe karudi na maneno haya. Nathubutu kusema kwamba kati ya vitabu vyote vya Kiswahili vya wakati ule, hiki ndicho kinachokaribia kabisa kurekodi sauti. Kilichapwa upya mwaka 1962 na East African Literature Bureau.

Wakati Abdallah anaandika, Wajerumani walikuwa wameanza kujenga reli kutoka Tanga. Kazi ilianza 1893, na ilipofika 1905 treni ilikuwa Mombo, miguuni pa mlima. Juu yake walijenga mji wao wa Wilhelmstal, ambao baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ulirudia jina la Lushoto. Kutoka misitu ya Shume walitandaza nyaya za kuteremshia magogo ya mierezi hadi Mkumbara, kazi ya uhandisi iliyostaajabisha watu wa wakati ule. Teknolojia ya zama hizo Usambara ilikuwa na mwelekeo mmoja: kushusha mali. Lililopandishwa juu lilikuwa amri.

Hata hivyo karatasi iliweza kupanda na kushuka pia. Magila ilikuwa na gazeti lake, Habari za Mwezi. Shule ya serikali ya Tanga ilianzisha Kiongozi mwaka 1904, na walimu na makarani waliosoma pale, waliotawanywa kote katika koloni, walituma habari za mahali walipo: nani kafika, nani kafa, mvua imenyesha vipi, njaa iko wapi. Waingereza nao walileta Mambo Leo mwaka 1923, gazeti la serikali lakini lenye nafasi ya barua na mashairi ya wasomaji. Ukipitia magazeti haya utakuta mtu anauliza swali Tanga na kujibiwa mwezi unaofuata na mtu wa Tabora. Yalikuwa mazungumzo ya taratibu mno, ila yalikuwa mazungumzo.

Katika kizazi hicho yupo mtu mmoja ninayemwona kama babu halali wa wote wanaosimulia vifaa na maisha ya kila siku kwa Kiswahili. Naye ni Martin Kayamba, karani wa Tanga mwenye asili ya Wakilindi, aliyeanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali pale Tanga mwaka 1922. Mwaka 1931 alikwenda London pamoja na Chifu Makwaia wa Usiha na Francis Lwamugira wa Bukoba, kutoa maoni mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kuhusu mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Aliporudi alitoa kitabu, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Jina lenyewe linatosha kueleza. Hakuandika hotuba wala ripoti ya kamati. Alieleza safari, alichokiona na alichokifanya, kwa wenzake waliobaki nyumbani. Mtu anayefungua boksi la simu mpya mbele ya kinasa sauti na kueleza kilichomo anafanya kazi ileile.

Sauti yenyewe, ile inayotoka kinywani, ilifika kwa santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi, na sahani zake zikaenea pwani yote na kuingia bara. Gramafoni haikuhitaji umeme. Ilijazwa kwa mkono kama saa ya ukutani, hivyo mlima haukuizuia: aliyeweza kuibeba kichwani aliweza kuipiga popote. Kwa watu waliokuwa wamezoea mashine zinazosema Kijerumani na Kiingereza, kusikia sanduku likiimba Kiswahili fasaha lazima kulikuwa jambo kubwa. Lakini santuri ilikuwa ya kusikiliza tu. Huwezi kuijibu.

Kisha ikaja redio.

Tanganyika ilianza matangazo yake mwaka 1951, Sauti ya Dar es Salaam, kituo kidogo cha majaribio kilichosikika mjini kwanza. Mwaka 1956 kikawa shirika la utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 kikageuzwa kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, chini ya serikali moja kwa moja. Nje nako kulikuwa na sauti za Kiswahili: BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili tarehe 27 Juni 1957, na Sauti ya Ujerumani ikafuata mwaka 1963.

Mtu wa Lushoto alizipata sauti hizi kwa sababu ya tabia ya mawimbi yenyewe. Masafa ya kati hufuata mgongo wa ardhi na hupinda kidogo juu ya vilima. Masafa mafupi hupanda juu kabisa hadi kwenye tabaka la anga lenye chembe za umeme, hugonga pale na kurudi chini mamia au maelfu ya kilomita mbali. Mawimbi yanayoshuka kutoka juu hayajali kama uko bondeni. Ndiyo sababu kijiji kilichofichwa nyuma ya kilele kiliweza kuisikia London vizuri usiku, tabaka lile linapotulia, huku mchana Dar es Salaam ikikwaruza. Wasikilizaji wa zamani walilijua jambo hili kwa vidole, kwa kuzungusha kitufe taratibu gizani na kujua stesheni ipi huja saa ngapi.

Tatizo lilikuwa umeme. Mto Pangani, unaopita chini ya milima hii, ulikuwa ukizalisha umeme tangu miaka ya 1930, na kituo cha Hale chenye megawati 21 kilianza kazi mwaka 1964. Nguzo zake zilielekea mijini na kwenye mashamba ya mkonge. Vijiji vya juu viliutazama umeme ukipita. Kwa hiyo redio ya mlimani ilikuwa redio ya betri. Kule Rhodesia ya Kaskazini, mwaka 1949, walikuwa wameanza kuuza redio ya bei nafuu iliyowekwa ndani ya umbo la sufuria, ya pauni tano, ikitumia betri kubwa. Transista ndiyo iliyomaliza kazi. Ilikula umeme kidogo sana kuliko vali, na redio ikawa kitu cha kuning'inizwa begani kwenda shambani.

Betri zilikuwa za National. Kampuni ya Matsushita ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1966, na jina la betri zake likawa neno la nyumbani. Kila aliyekulia kijijini miaka ile anakumbuka betri zikianikwa juani juu ya bati au jiwe. Wapo walioliona hilo kama ushamba. Haikuwa ushamba. Ndani ya betri ya aina ile mna kemikali ambayo haijaisha yote sauti inapofifia. Joto la jua huiamsha kidogo, na mtu akapata taarifa ya habari moja zaidi, labda na nusu ya mechi. Watu walifikia ujuzi huo kwa kujaribu, bila kufundishwa na yeyote, wakaambizana. Ninapenda kuwaza kwamba kama wangekuwa na mahali pa kuyasimulia majaribio yao, wangekuwa na kipindi kizuri sana.

Mwaka 1963 uliongeza jambo lingine kwa Usambara. Wamisionari wa Bethel walikuwa wamefika Mlalo tangu 1891, kisha Vuga, ambako hatimaye kilikuwapo kiwanda cha kuchapa vitabu vya Kanisa na vya shule. Walutheri wa Usambara na Digo walikuwa miongoni mwa makanisa saba yaliyoungana mwaka 1963 kuunda Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Mwaka huohuo kituo cha Kilutheri cha Addis Ababa kilianza kurusha matangazo kwa masafa mafupi, na vipindi vyake vya Kiswahili, Sauti ya Injili, vilitengenezwa Moshi. Fikiria njia ya sauti hiyo: inarekodiwa Moshi, kanda inasafirishwa hadi Ethiopia, inarushwa angani, inagonga tabaka la juu na kushuka Mlalo, mahali ambapo kutoka Moshi ni safari ya siku moja kwa basi. Mwaka 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitaifisha kituo kile. Studio ya Moshi ilibaki.

RTD ilikuwa na vipindi vya mkulima, vya watoto, vya michezo ya kuigiza. Kipindi kimoja kilileta mageuzi ambayo wengi wanayasahau. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliandaa vijitabu na kufundisha viongozi wa vikundi, na kwa wiki 12 watu wapatao milioni mbili nchini walikaa katika vikundi kusikiliza redio pamoja. Utaratibu ulikuwa hivi: mnasikiliza, redio inazimwa, mnajadili mlichosikia na kinavyohusu kijiji chenu, kisha mnakubaliana jambo la kufanya. Vyoo vilichimbwa, madimbwi yalifukiwa, nyasi zilifyekwa.

Katika ratiba hiyo kitu muhimu kabisa, kwangu, ni ile dakika redio ilipozimwa. Hapo mtu wa kijijini alifungua mdomo. Katika Usambara jambo hilo lilikuwa na mizizi yake. Miaka ya 1950 Waingereza walikuwa wamewalazimisha wakulima wa huku kulima matuta ya kuzuia mmomonyoko, na wakulima walibisha, wakajadili, wakakataa, mpaka mpango ukaachwa kabla ya uhuru. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Usambara, aliandika kitabu kizima mwaka 1990 kuonyesha kwamba wakulima hawa walikuwa wanafikra wenye hoja zao. Kikundi cha kusikiliza redio kilipokaa barazani, kilikuta watu ambao tayari walijua kujadili. Kilichokosekana kilikuwa waya wa kuyarudisha maneno yao Dar es Salaam.

Waya huo ulipatikana kwa njia ya salamu. Watu waliandika kadi, wakaorodhesha ndugu na marafiki, wakataja walipo, wakatia posta. Siku kadhaa baadaye mtangazaji aliisoma: fulani wa fulani, wa Soni, Lushoto, anawasalimu wafuatao. Kipindi cha Ugua Pole kiliwasomea wagonjwa hospitalini. Walizuka watuma salamu maarufu, wenye majina ya kujipa na vyama vyao, ambao nchi nzima iliwajua bila kuwahi kuwaona. Wasomi waliwabeza kwa kupoteza muda wa taifa. Mimi nawaheshimu. Mtu wa Bumbuli aliyesikia jina lake na la kijiji chake likitajwa kutoka Dar es Salaam alijua kwamba chombo kile kikubwa kimekubali kumbeba. Ni kweli alisemewa na kinywa cha mwingine. Lakini jina, mahali na undugu vilikuwa vyake.

Kando ya wasikilizaji alikuwapo fundi redio. Kila mji mdogo wa Usambara ulikuwa na kibanda chake: redio zilizochunwa zikisubiri kutolewa vipuri, chuma cha kulehemu kinachopashwa moto kwenye jiko la mkaa, vipande vya risasi, na watoto waliosimama mlangoni kutazama. Katika nchi nyingine watu wa hamu kama hii waliingia kwenye redio za ridhaa, wakaongea wao kwa wao hewani, na mazungumzo yao mengi yalihusu redio zenyewe: antena yangu ni ndefu kiasi gani, leo nimekupata vizuri. Tanganyika ilikuwa na alama yake ya kujitambulishia hewani, VQ3, na Tanzania ikapewa 5H. Lakini chombo na leseni vilihitaji fedha. Fundi wa mlimani alibaki na maarifa yake mikononi, akiyatoa kwa mdomo mmojammoja kwa yule mtoto aliyesimama mlangoni.

Redio kaseti ndiyo iliyobadilisha mambo, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu historia nyingi huipita haraka. Ilikuja na kitufe chekundu. Kwa mara ya kwanza kifaa cha sebuleni kiliweza kunasa sauti ya mwenye nyumba. RTD ilikuwa kwa miaka mingi karibu mahali pekee pa kurekodi bendi Tanzania Bara. Huku nyumbani mtu alirekodi ngoma ya harusi, mawaidha ya shehe, kwaya ya usharika, bibi akisimulia hadithi, mtoto akilia. Watu waliokuwa mbali walitumiana kaseti badala ya barua. Kati ya Oman na Unguja, na miji ya pwani, kanda zilisafiri mifukoni mwa abiria zikiwa na saa nzima ya mtu mmoja akiongea: sisi wazima, friji tuliyonunua inafanya hivi, gari la mjomba limeharibika, fulani kaoa, hapa joto limezidi. Hakuna mhariri, hakuna ratiba, hakuna aliyeombwa ruhusa. Kila anayetafuta mwanzo wa podikasti ya binafsi katika Kiswahili asiishie kwenye kompyuta. Autafute kwenye kaseti hizo za dakika 60 na 90.

Mwaka 1993 sheria iliruhusu utangazaji binafsi, na mwaka 1994 Radio One na ITV zikaanza. Enzi ya FM ilifika. Kwa watu wa milimani ilikuwa neema yenye kasoro, maana FM husafiri kwa mstari ulionyooka. Sauti ni safi kuliko masafa ya kati, lakini mlima ukikaa katikati hakuna sauti. Sauti ya mnara wa Tanga haiwezi kuingia mabonde ya ndani. Suluhisho ni kuweka mtambo juu milimani kwenyewe, na Kanisa la Kilutheri, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, lenye makao yake Lushoto, lilifanya hivyo kwa kuanzisha Utume FM. Hatimaye mlima uliokuwa kizuizi ukawa mnara. Redio inayotoka Lushoto huwafikia watu wa tambarare, na mwelekeo ule wa tangu enzi ya reli ukageuka.

Simu za mkononi zilifuata njia hiyohiyo. Mobitel ilianza Dar es Salaam mwaka 1994, Vodacom mwaka 2000, Celtel mwaka uliofuata. Minara ilipofika Usambara kila kijiji kilipata kilima chake cha mtandao: pale penye mti fulani, nyuma ya kanisa, kwenye jiwe la njia panda. Jioni ungekuta watu wamesimama pale, wote wameelekea upande mmoja. Vibanda vya kuchaji kwa sola vikachukua nafasi ya betri za kuanika. Yule fundi redio, au mwanawe, akawa fundi simu.

Wakati huo kwingineko jambo jipya lilikuwa limepewa jina. Mwaka 2004 mwandishi Ben Hammersley wa gazeti la Guardian alilitumia neno podcasting kwa mara ya kwanza, na mwaka huohuo Adam Curry akaanza kipindi chake cha kila siku kilichowafikia wasikilizaji moja kwa moja kwenye vifaa vyao. Juni 2005 Apple iliingiza podikasti ndani ya iTunes. Kwa Kiswahili, maandishi yalitangulia sauti. Ndesanjo Macha aliandika blogu yake ya Jikomboe akiwa Marekani. Issa Michuzi alifungua ya kwake mwaka 2005. Jamii Forums ilizaliwa 2006. Sababu ya sauti kuchelewa ilikuwa gharama. Intaneti ya setilaiti ilikuwa ghali na nzito, na faili la sauti ni kubwa mara nyingi kuliko maandishi. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kupitia baharini, EASSy ukafuata 2010, na mkongo wa taifa ukaanza kuingia mikoani. Mwaka 2013 WhatsApp iliongeza kitufe cha kurekodi ujumbe wa sauti. Mtu asiyependa kuandika, au aliyezoea Kishambaa kuliko Kiswahili cha shule, alipata chombo kinachomfaa kabisa. Vikundi vya ukoo, vya usharika, vya wakulima wa viazi na karoti vikajaa sauti.

Halafu mwaka 2018 serikali ikatoa kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu, redio au televisheni ya mtandaoni alitakiwa kujisajili kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA: shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni, na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Zaidi ya milioni mbili, kwa mtu anayezungumzia simu na sola bila malipo! Jamii Forums ilijifungia kwa muda mwezi Juni mwaka huo, na blogu nyingi ndogo zilinyamaza. Hapo nyuma, enzi ya mkoloni, mwenye redio alikata leseni ya kuimiliki. Sasa leseni ilikuwa ya kusema. Ada ile iliwaumiza watu wa ridhaa wa mikoani kuliko kampuni za mjini, maana kampuni ina mapato na mtu wa ridhaa ana hamu tu. Mwaka 2020 zilitolewa kanuni mpya, marekebisho ya 2022 yakalegeza baadhi ya masharti, na katika miaka hiyo podikasti za Kiswahili zikaanza kupata wasikilizaji wengi, mojawapo ikiwa Salama Na ya mtangazaji Salama Jabir.

Lakini anayetaka kujua sauti husafiri vipi Usambara asiangalie takwimu za mitandao peke yake. Bando ni fedha. Mtu mmoja hupakua usiku, kisha sauti huhamia kwenye memori kadi na flashi, huingia kwenye sabufa ya kinyozi na redio ya gari la abiria linalopanda kutoka Mombo, hurukia simu nyingine bila kugusa mtandao. Mahubiri, mawaidha, vichekesho, maelekezo ya kilimo na mazungumzo ya watu binafsi hutembea hivyo, kwa mwendo wa magulio.

Linalonitia wasiwasi ni hifadhi. Habari za Wakilindi tunayo kwa sababu Magila iliichapa. Kaseti za miaka ya 1980 zinapoteza sumaku na kuota ukungu kwenye makabati, na katika hali ya hewa ya Lushoto ukungu haukawii. Sauti za simu hupotea siku simu inapoibiwa au kuanguka majini. Ndani yake mna wazee wanaosema Kishambaa cha Mlalo na cha Bumbuli, mna mafundi wanaoeleza namna ya kufufua betri ya lithiamu, mna kina mama wanaosimulia gulio la wiki ile. Dayosisi, wilaya na shule zina kompyuta. Kukusanya sauti hizi si kazi kubwa kama zinajulikana ni za nani. Kwenye simu nyingi za Android, WhatsApp yenyewe huliandika faili la ujumbe wa sauti tarehe yake, mwaka, mwezi na siku. Jina la msemaji na la kijiji hayamo. Hayo inampasa mwenyewe ayataje mwanzoni kabla hajaingia kwenye habari yake, kama walivyokuwa wakifanya watuma salamu.